Sindano ya kinyama imemfungia dada yangu mlango wa kupandikizwa ini: hii ni sayansi au kisingizio?

#1 Nahodha_76
Wakuu, habari. Wenye uelewa nisaidieni, nimechanganyikiwa.

Dada yangu alianza kwa macho ya njano na kuwashwa mwili mzima. Baada ya vipimo akaambiwa ana kansa ya mifereji ya nyongo, pale mfereji wa kulia na wa kushoto inapokutana ikitoka kwenye ini. Wapasuaji wakasema haikatiki, imeshika pande zote mbili pamoja na mishipa ya damu. Wakati huo hospitali ya kwanza ilikuwa imeshamchoma sindano kupitia ngozi ya tumbo kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Tukapelekwa kwenye kituo kinachopandikiza ini. Wakasoma mafaili, wakauliza swali moja: kinyama kilichukuliwaje? Tulipojibu, wakasema kwa utaratibu wao hawezi tena kuingizwa kwenye mpango.

Yaani kipimo kilichothibitisha ugonjwa ndicho kilichomnyima tiba. Mimi naona ini lote linatolewa, linawekwa zima, kansa inaondoka na ini lake. Sindano inaingiaje hapo? Na kama kupandikiza kunatibu kansa ya ini, kwa nini si kila mwenye kansa hiyo anapewa?

#2 Ngoja_Nione
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa.

#3 TaiMweupe
Jibu liko wazi: maini ni machache kuliko wagonjwa. Wakiruhusu kila mwenye kansa, foleni haitaisha. Kwa hiyo wanaweka vigezo vya kuchuja watu, na sindano ni kimojawapo. Usitafute sayansi ndefu hapo.

#4 KisuNaUzi
TaiMweupe, uhaba upo na nitaurudia, ila hili la sindano lina msingi wake.

Nahodha, kansa aliyonayo dada yako ndugu zetu wa vitabu wanaiita kolanjiokasinoma ya mlango wa ini. Zamani walipandikiza wagonjwa wa namna hiyo moja kwa moja, bila maandalizi, na matokeo yalikatisha tamaa. Rejista moja ya Marekani iliyochapishwa mwaka 2000 ilikusanya wagonjwa 207 waliopandikizwa kwa kansa za mifereji ya nyongo: baada ya miaka 5 waliokuwa hai ni 23% tu, na zaidi ya nusu ugonjwa uliwarudia. Vituo vingi vikafunga huo mlango.

Hospitali ya Mayo Clinic, Rochester, Marekani, walikuwa wameanza mwaka 1993 kujaribu njia nyingine. Mgonjwa anapigwa kwanza mionzi ya nje pamoja na kemo, kisha mionzi ya ndani inayopitishwa kwenye mfereji wenyewe, kisha anaendelea na kemo ya vidonge akisubiri ini. Kabla ya kupandikizwa anafunguliwa tumbo kuhakikisha hakuna mitoki iliyoshikwa wala mbegu za kansa kwenye utando wa tumbo. Wakikuta, safari inaishia hapo. Uvimbe usizidi sentimita 3. Na hawamchukui aliyechomwa sindano kwenye uvimbe wenyewe kupitia utando wa tumbo.

Sababu ni kwamba sindano ikitoka kwenye uvimbe inaweza kuburuta chembe na kuziacha njiani. Ini litatolewa lote, lakini zile chembe zimebaki tumboni. Halafu mgonjwa anawekwa kwenye dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae ini jipya, na kinga hiyohiyo ndiyo ingezidhibiti. Kwa hiyo wazo lako la "ini limetoka, kansa imetoka" ni kweli pale tu ambapo kansa yote ilikuwa ndani ya ini siku ya upasuaji.

#5 BintiWaMvua
Nilijua KisuNaUzi akiingia tunakaa chini na madaftari 😀 Asante kwa maelezo.

Swali: sasa bila kinyama watajuaje ni kansa? Wasije wakamtoa mtu ini lake bure.

#6 KisuNaUzi
Wanapitisha kamera mdomoni mpaka kwenye mlango wa mfereji wa nyongo, wanaingiza brashi ndogo na kukwangua seli kutokea ndani. Njia hiyo haitoboi utando wa tumbo. Tatizo ni kwamba brashi hukosa mara nyingi, kwa sababu kansa hii ina makovu mengi na seli chache. Ndiyo maana wanakubali pia ushahidi mwingine: mfereji uliobanwa kwa sura ya kansa pamoja na alama ya damu ya CA 19-9 iliyopanda sana, au kipimo cha kromosomu za zile seli za brashi. Kwa hiyo ndiyo, wapo waliopandikizwa bila jibu la maabara linalosema "kansa" moja kwa moja, na baadhi yao ini lililotolewa halikukutwa na chembe hata moja. Watu wanabishana mpaka leo: mionzi ilizimaliza, au hazikuwepo tangu mwanzo?

#7 HesabuKali
Niingie hapo kwenye sindano, maana mimi kazi yangu ni takwimu na huo utafiti nimeusoma.

Ni wa Mayo wenyewe, ulitoka mwaka 2011. Kati ya wagonjwa 191, waliochomwa sindano kupitia utando wa tumbo walikuwa 16. Sita sindano ilikuta kansa, na kati ya hao sita, watano walikutwa na mbegu kwenye utando wa tumbo. Kwa wale 175 ambao hawakuchomwa, waliokutwa nazo ni 14, sawa na 8%.

Tofauti ni kubwa na inatisha, ila tazameni ukubwa wa kundi: watu sita! Na nani huchomwa sindano? Yule ambaye uvimbe wake unaonekana vizuri kwenye picha, yaani mkubwa. Huenda hao watano walikuwa na ugonjwa uliosambaa tangu mwanzo, na sindano imebebeshwa lawama. Sisemi haina madhara. Nasema mlango umefungwa kwa ushahidi mwembamba.

#8 TaiMweupe
Ehee! Nilisema nini mimi? Ushahidi mwembamba, foleni ndefu.

#9 Muuguzi_Mstaafu
Wanangu, nimehudumia wodi ya waliopandikizwa miaka mingi. HesabuKali ana haki ya kuhoji, ila fikirini upande wa pili: nani ataendesha jaribio la kuchoma nusu ya wagonjwa makusudi ili tupate namba kubwa? Haliwezi kufanyika. Kwa hiyo tunaishi na hao sita.

Nahodha mwanangu, sikiliza. Usikubali jibu la mdomo. Omba ripoti yenyewe ya hiyo sindano, usome mambo mawili: ilipita wapi, na ilichoma nini. Kuchoma mtoki kwa sindano inayoongozwa na kamera ya mdomoni ni jambo linalofanywa na vituo hivyohivyo kabla ya kupandikiza, wajue kama ugonjwa umefika huko. Kuchoma uvimbe wenyewe ndiko kunakokatazwa. Nimewahi kuona faili limeandikwa "sindano ya ini" na mtu akadhani ni uvimbe, kumbe walikuwa wanachunguza kovu la ini sehemu nyingine kabisa.

#10 Nahodha_76
Asante mama. Ripoti tuliyo nayo ina mistari michache tu, imeandikwa "kinyama cha ini, kansa ya tezi". Haijasema sehemu. Kesho naomba nakala ya picha zilizotumika kuongoza sindano.

#11 MamaZawadi
Poleni. Mimi ni mama wa mtoto aliyepandikizwa ini kwa kansa, niseme ya kwetu kwa sababu naona watu wanaongea kama kansa ya ini ni ugonjwa mmoja.

Mwanangu alikuwa na hepatoblastoma, hii ndiyo kansa ya ini inayowapata zaidi watoto wadogo. Tumbo lilikuwa linakua upande mmoja, mimi nikidhani ni minyoo. Kipimo cha damu cha AFP kilikuwa juu kupita kiasi. Picha ikaonyesha sehemu zote nne za ini zimeshikwa, wao huita kiwango cha 4. Alipewa kemo ya sisiplatini, uvimbe ukanywea, lakini haukuacha hata kipande cha ini kizima cha kumbakizia. Baba yake akamtolea sehemu ya kushoto ya ini lake.

Leo anasoma, anacheza. Masikio yameathirika na ile kemo, anavaa kifaa cha kusikia. Siku hizi nasikia wanatoa dawa nyingine saa kadhaa baada ya sisiplatini kuyakinga masikio, nafurahi kwa watoto wanaokuja nyuma.

Ninachotaka kusema: daktari wetu alituita kwenye kituo cha upandikizaji mapema, kemo ikiwa bado inaendelea. Alisema wazi kwamba hataki kujaribu kukata kwanza "tuone itakuwaje".

#12 KisuNaUzi
Mama Zawadi, huyo daktari alikuwa makini. Kuna mapitio ya mwaka 2004 yaliyolinganisha watoto waliopandikizwa kama upasuaji wa kwanza na wale waliokatwa kwanza, ugonjwa ukabaki au ukarudi, ndipo wakapandikizwa kama uokoaji. Baada ya miaka 6 kundi la kwanza lilikuwa na 82% hai, la pili 30%. Miaka ya karibuni uokoaji umepata matokeo mazuri kuliko hayo, ila somo la kupeleka mtoto mapema limebaki.

#13 MtuMzima
Naomba kurahisisha. Kanuni ni moja tu: kansa ikiwa ndani ya ini, unapandikizwa. Ikitoka nje ya ini hata kidogo, hupandikizwi. Mengine ni mbwembwe.

#14 HesabuKali
MtuMzima, kanuni yako inavunjika pande zote mbili.

Hao watoto wenye hepatoblastoma, wengine walikuwa na madoa kwenye mapafu. Kemo ikiyafuta, au yaliyobaki yakakatwa, bado wanapandikizwa.

Halafu ipo kansa adimu sana inayotokana na seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu ya ini, hemanjioendotelioma ya epithelioidi. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati. Mara nyingi inakutwa imejaa pande zote mbili za ini na haikatiki. Rejista ya Ulaya ilichapisha mwaka 2007 wagonjwa 59 waliopandikizwa: 83% walikuwa hai baada ya miaka 5, na 72% baada ya miaka 10. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa nje ya ini siku ya upasuaji, na hilo peke yake halikuwanyima nafasi!

Sasa geuza upande. Anjiosakoma nayo inatokana na seli za aina hiyohiyo za mishipa ya damu. Hata ikiwa ndani ya ini tu, vituo vinakataa. Waliowahi kupandikizwa, ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi, na rejista hiyohiyo ya Ulaya haikuwa na aliyefika miaka 2. Chimbuko la seli moja, ini hilohilo, hukumu mbili tofauti.

#15 BintiWaMvua
Hapo ndipo akili yangu inapokwama. Kwa nini? Kama tatizo ni dawa za kushusha kinga kama alivyosema KisuNaUzi #4, zingeamsha zote mbili.

#16 KisuNaUzi
Mimi nadhani ni mwendo wa kansa yenyewe. Hemanjioendotelioma kwa wengi hutambaa polepole, inaweza kukaa miaka bila kubadilika. Wengi wao wana mabadiliko maalumu ya jeni mbili zilizoungana, ambayo anjiosakoma haina. Kupandikiza kunakununulia muda mrefu hata kama chembe zimebaki, kwa sababu zinachukua muda mrefu kukua. Anjiosakoma haikupi huo muda.

Ila hata hiyo ya polepole si yote. Utafiti wa baadaye, wagonjwa 149, ulionyesha kwamba waliosubiri zaidi ya siku 120 kabla ya kupandikizwa walifanya vizuri kuliko waliopandikizwa haraka. Maana yake muda wa kusubiri uliwachuja wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mkali.

#17 TaiMweupe
Kwa hiyo mgonjwa anawekwa benchi aangaliwe kama atazidiwa? Huo ni ukatili, tusiupambe.

#18 Muuguzi_Mstaafu
Mwanangu TaiMweupe, nimekaa na hao wanaosubiri, najua usiku wao. Lakini nimekaa pia na waliopandikizwa haraka, ugonjwa ukarudi kabla kidonda hakijapona vizuri. Familia imetoa kila kitu, ndugu ametoa nusu ya ini lake. Sikuona huruma katika haraka ile.

#19 Kalamu_Nyeusi
Kwenye kusubiri niongeze ya kwangu. Mjomba alikuwa na kansa ya mifereji midogo, ile iliyoko ndani kabisa ya ini, tofauti na ya dada yake Nahodha. Vituo viwili vilisema hapandikizwi kabisa. Cha tatu kikasema: piga kemo ya jemsitabini na sisiplatini, uvimbe ukitulia angalau miezi 6 bila kukua wala kutokea mwingine, njoo tuongee. Ulitulia. Alipandikizwa na yupo.

Nasema "yupo" kwa tahadhari. Kila skani familia nzima hailali.

#20 HesabuKali
Nafurahi kwa mjomba, Kalamu. Njia hiyo imetokana na kazi iliyochapishwa Houston mwaka 2018. Wagonjwa 6 tu waliopandikizwa, watano hai kwa makadirio ya miaka 5, ambayo magazeti yaliandika kama 83%. Tena 6! Naomba tusiwape watu 83% bila kutaja sita.

Kwa kansa hiyo hiyo ya ndani, kuna pia kundi la watu wenye sirosisi (ini lililojaa makovu) ambao uvimbe wao haukuzidi sentimita 2. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta 65% hai baada ya miaka 5, wakati wenye uvimbe mkubwa zaidi au mingi walikuwa 45%. Hao wadogo nao walikuwa 15. Ugonjwa adimu unazaa namba ndogo, ndiyo kawaida yake.

Na nyingine, maana wengi wanaitaja: ile 65% ya njia ya Mayo kwenye vituo 12 vya Marekani, iliyotoka mwaka 2012, ni ya waliofikia kupandikizwa na kukaa miaka 5 bila ugonjwa kurudi. Ukihesabu tangu siku walipoanza mionzi, pamoja na waliotolewa njiani, waliokuwa hai ni 53%. Wagonjwa 287 walianza, 71 walitoka kabla ya kupandikizwa. Familia iambiwe namba zote mbili.

#21 MtuMzima
Sawa HesabuKali, kanuni yangu nimeiweka pembeni. Ila mbona kansa ya kawaida ya ini, hii HCC, ina kanuni iliyonyooka? Uvimbe mmoja usizidi sentimita 5, au isizidi mitatu na kila mmoja usizidi 3, mishipa mikubwa iwe salama. Vile vigezo vya Milan. Kwa nini adimu zisipimwe hivyohivyo?

#22 KisuNaUzi
Kwa sababu mpasuaji Mazzaferro na wenzake wa Milan walipoitoa mwaka 1996 walikuwa wanaangalia HCC ndani ya ini lenye sirosisi. Huko ukubwa na idadi vinakaribia kukuambia kansa ina tabia gani. Hemanjioendotelioma inaweza kuwa na vivimbe 15 ikawa pole, anjiosakoma ikawa na kimoja ikaua. Sentimita hazisemi kitu.

Na tusisahau mwanzo wa yote. Mpasuaji wa Marekani, Starzl, alipofanikiwa mwaka 1967 kumpandikiza mtu akaishi zaidi ya mwaka, alikuwa mtoto mdogo mwenye kansa ya ini. Ini jipya lilifanya kazi, kansa ndiyo iliyorudi. Miaka iliyofuata walipandikiza wenye kansa kubwa zisizokatika kwa sababu hawakuwa na kingine, na nyingi zilirudi. Milan ilikuja kurekebisha hilo.

Sasa narudi kwa TaiMweupe kuhusu uhaba, kama nilivyoahidi. Ini la mtu aliyefariki likienda kwa mwenye kansa, kuna mtu mwingine ini lake limekufa kabisa ambaye hakulipata. Kwa hiyo wengi wanataka kansa iwe na matokeo yanayokaribia ya wagonjwa wengine. Mimi nakubaliana nao.

#23 TaiMweupe
Basi tumekutana. Mimi nimesema uhaba tangu #3. Na kama ndugu yuko tayari kutoa kipande chake, huyo hamnyang'anyi mtu yeyote foleni. Hapo vigezo vilegezwe.

#24 KisuNaUzi
Vilegezwe kiasi gani? Anayetoa upande wa kulia anaachia zaidi ya nusu ya ini lake. Linakua tena, ndiyo, lakini hatari ya kufa kwa mtoaji inatajwa kuwa kati ya watu 2 na 5 kwa kila 1,000. Ni mtu mzima wa afya ambaye hakuwa na haja ya kisu. Siwezi kumwingiza chumbani kwa kansa ambayo nina hakika itarudi baada ya miezi 6.

#25 MamaZawadi
Kwa heshima, KisuNaUzi, mume wangu angeingia hata kwa nafasi ndogo zaidi, na ilikuwa haki yake kuamua. Aliambiwa hatari zote, alitia saini akiwa na akili timamu. Namba ni za daktari, uamuzi uwe wa mtoaji.

#26 KisuNaUzi
Mama Zawadi, kwa hepatoblastoma hatukuwa na ubishi. Ila na mpasuaji naye ana haki ya kukataa. Hapa sitakushawishi na wewe hutanishawishi.

#27 Ngoja_Nione
Nimesoma mpaka hapa sijapiga kope. Swali dogo: hizi dawa mpya za kuamsha kinga ipigane na kansa, mtu si apewe hizo baada ya kupandikizwa kama kansa ikirudi?

#28 Muuguzi_Mstaafu
Kinga ikiamshwa inalikuta ini la mtu mwingine mle ndani, mwanangu. Inaweza kulishambulia likafa. Hata zikitolewa kabla, vituo vinasubiri muda upite ndipo wapandikize. Ndiyo maana ugonjwa ukirudi, madaktari mara nyingi wanahangaika na kubadilisha dawa za kushusha kinga, kwa mfano kumhamishia mgonjwa kwenye sirolimasi, kwa matumaini kwamba haiipi kansa nafasi sana. Faida yake nayo inabishaniwa.

#29 Nahodha_76
Wakuu, nimerudi. Picha zimepatikana. Daktari wa picha amekubali kuzisoma upya na kuandika kwa maneno yake sindano ilikopita. Mpaka sasa amesema kwa mdomo kwamba ilipita kwenye ini zima kwanza kabla ya kufika karibu na mfereji, lakini haondoi uwezekano kwamba ncha iligusa uvimbe. Kituo cha kwanza kimesema jibu lao ni lilelile. Kuna kituo kingine kimekubali kumjadili kwenye kikao chao baada ya kupata barua hiyo, bila kuahidi. Wakati huo ameanza kemo na amewekewa mpira wa kupitisha nyongo, macho yameanza kurudi rangi yake.

HesabuKali, wale sita umenipa cha kuwauliza. KisuNaUzi, nimekuelewa hata kama sijafurahi.

#30 HesabuKali
Waulize pia kama watakubali kuchungulia utando wa tumbo kwa kamera kabla ya kuanza mionzi. Wakikuta mbegu, mmejua mapema. Wasipokuta, haithibitishi usalama, lakini angalau mtajadili kilichoonekana, si kinachohofiwa.

#31 KisuNaUzi
Ulizeni, sioni ubaya. Ila chembe ndogo hazionekani kwa kamera, asije mtu akaichukulia kama cheti.

#32 Jua_la_Asubuhi
Samahani kwa kuingia uzi wa watu. Mdogo wangu ana miaka 19, ini lake halina sirosisi wala homa ya ini, AFP ya kawaida, wamekuta uvimbe mkubwa wanasema fibrolamela, aina adimu ya kansa ya ini. Naye aombe kupandikizwa?

#33 KisuNaUzi
Karibu. Kwa fibrolamela swali la kwanza ni je, inakatika? Kwa kuwa ini lililobaki ni zima, wanaweza kukata sehemu kubwa sana likaota tena, na hiyo ndiyo tiba inayotangulizwa. Kupandikiza kunazungumzwa pale isipokatika na bado iko ndani ya ini. Kansa hii inapenda mitoki, kwa hiyo wapasuaji waichunguze na kuiondoa. Aonwe na timu inayofanya yote mawili, kukata na kupandikiza, katika kikao kimoja.

#34 Muuguzi_Mstaafu
Na kabla hajachomwa sindano yoyote, mwanangu, waulizeni hao kwanza kama wanaitaka.